Mkasi wa Lesi

Oktoba ikiingia Idrija, milima ikijitwisha theluji,
waendesha pikipiki huniletea nguo zao
kama watoto waliorudi na sare za matope,
wakiyakwepa macho yangu.
Natandaza magazeti mezani. Nawasha taa. Navaa miwani.

Kwanza wadudu.
Usiwakwangue. Kiangazi kizima kimekaukia kwenye kioo cha helmeti:
nzi, nyuki, kipepeo mmoja aliyekuwa na safari zake.
Kifunike kwa kitambaa chenye maji vuguvugu,
ukanywe kahawa, urudi.
Haraka haina baraka, na hukwaruza kioo.
Watatoka wenyewe, taratibu, kama wageni walioshiba.

Kisha ngozi.
Ngozi hii ilikuwa ng'ombe, haijasahau.
Ukiianika karibu na jiko la kuni itajikunja kwa hasira,
itapasuka kwenye kiwiko, palepale utakapoihitaji.
Sabuni ya tandiko, povu kidogo, sponji iliyokamuliwa,
halafu kivuli, halafu subira,
halafu mafuta, kwa vidole, si kwa brashi,
maana vidole ndivyo vinavyojua pakavu.
Zipu naipitishia mshumaa.
Buti nazishindilia magazeti ya jana,
habari za mawaziri angalau zinyonye unyevu.

Bitana naifua kwa shampuu ya watoto wachanga.
Harufu niliyoikuta humo siisemi.
Nitasema tu kwamba jasho la hofu si jasho la jua,
na kila mwaka kuna mwanamume wa miraba minne, ndevu hadi kifuani,
ambaye glavu zake huninong'oneza alichokiona njia ya Vršič,
kona ya ishirini na nne, lori likija.

Baba alichimba zebaki hapa, chini ya mji,
akazeeka na mikono inayotetemeka hata kikombe kikimwagika.
Mama alisuka lesi, akanirithisha vijiti na mto.
Mikono yangu haitetemeki.
Katika lesi tundu ndilo pambo, ukilijua mahali pake.
Katika koti la pikipiki tundu ni mlango,
na anayeingia habishi hodi.

Jumanne akaja Gorazd, mwana wa Milojka wa duka la mikate.
Koti limechubuka bega la kushoto.
"Lifute, shangazi. Mama asione."
Nikalifuta. Nikalitia rangi, nikashona upya, mshono juu ya mshono.
Hapo sikuwa mkweli. Milojka anisamehe,
nimekula mikate yake miaka thelathini.

Lakini helmeti.
Nyeusi, inang'aa kama bilinganya iliyooshwa,
mkwaruzo wake hauzidi ukucha.
Nikatoa vijimto vya mashavuni, nikapenyeza kidole.
Juu ya sikio, lile povu gumu lilikuwa limebonyea.
Lilikuwa limeshakufa badala yake.
Helmeti hufa mara moja tu.
"Ufa mdogo huo," akasema. "Tia gundi."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga.
Wahenga hawakupanda pikipiki.
Kuna ufa ukiuziba ndipo unapochimba kaburi.

Nikautwaa mkasi wa mama, ule wa lesi,
mdogo, mdomo kama wa ndege,
nikakata mkanda wa kidevuni. Upande huu.
Kisha ule.

Alipiga kelele. Alitaja bei. Alinitukana kwa lahaja ya bibi yake,
akabamiza mlango, akaenda zake kwa miguu,
na mimi nikahesabu hatua zake mpaka darajani.

Leo alfajiri nimekuta mkate kizingitini,
umefungwa kitambaa, bado una moto.
Hakuna barua. Sijui ni mama aliyeuleta au mwana,
wala nani kamwambia nani nini.
Nimeukata kwa kisu,
maana mkasi una uzi mmoja mweusi ulionasa kwenye makali,
na sijataka kuutoa.

Glavu saba zinaningoja.
Ya nane, mwenyewe anasema, iliachwa Vršič.